Je, wajua ni nani aliyeyaokoa mashairi ya malenga Muyaka, na kwa nini kazi yake haijaisha Mji wa Kale wa Mombasa?

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu: zile za kuwaunga mkono Mazrui, watawala wa Mombasa, walipopambana na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, zile alizojibizana na malenga wa Lamu, na nyingine za mapenzi na mafumbo. Kila mzee aliyezikwa alikuwa akienda na beti zake. Tunazo leo kwa sababu mtu mmoja wa mji huo huo, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliwaendea waliokuwa wakizikumbuka, akazikusanya. Mmisionari W. E. Taylor, aliyekuwa akiishi Mombasa, akazinakili kwa msaada wake pamoja na maelezo ya maneno mazito. Karatasi hizo zikaishia London, na mwaka 1940 mashairi yakachapwa Johannesburg. Mwalimu Sikujua mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1890.

Kumwendea jirani na kumuuliza angali hai: hiyo ndiyo kazi ya jumuiya ya historia ya mtaa, hata pale ambapo wanaoifanya hawajajipa jina lolote. Watu huuliza, ya nini tabu yote hiyo na makumbusho yapo pale pale Fort Jesus?

Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira karibu miaka 3 hadi kuitwaa Desemba 1698. Serikali ya kikoloni iliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, ikawa makumbusho 1960, na mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia. Tunayajua haya kwa sababu kila aliyeishika alikuwa na makarani, na makarani waliandika barua kwenda Goa, Lisbon na London. Aliyekuwa akiishi nje ya lango, akichoma chokaa au kushona kofia, hakuwa na karani. Habari zake zimo ndani ya sanduku la familia, juu ya kibao cha kaburi, au kichwani mwa bibi wa miaka 85.

Kuzitoa huko kunataka ufundi. Chukua tarehe. Barua na makaburi ya zamani yana mwaka wa Hijria, na wengi huongeza 622 wakadhani wamemaliza. Kaburi la mwaka 1300 basi husomwa kuwa la 1922, na hapo pana kosa la karibu miaka 40, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11. Zidisha 1300 kwa 0.97 kwanza, kisha ongeza 622, upate 1883. Miaka 40 ni tofauti ya babu na mjukuu! Nimeona nasaba za ukoo zikivurugika kwa hesabu hii moja tu.

Kwa mzee anayesimulia, kalenda haisaidii sana. Ukimuuliza "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize alipokwenda Nyali siku ile alivuka daraja lipi, lile lililokuwa likielea majini, la 1931, au hili la 1980. Muulize kama zile pembe za ndovu za Moi Avenue zilikuwa zimeshasimamishwa, maana hizo ni za miaka ya 1950. Kisha mwendee mwingine, mtaa wa pili, asiyejua umeambiwa nini, umuulize mambo yale yale.

Majina ya mahali nayo ni ushahidi. Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, imehifadhi Kimvita chenyewe, lahaja ya Mombasa: hapa njia ni ndia. Ng'ambo ya pili, makondakta wa matatu hutaja Kengeleni mchana kutwa. Kengele yenyewe ni ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa 1875 kwa watu waliookolewa utumwani, na ilipigwa kuwaonya wasije wakavamiwa. Vizazi vyao wako Kisauni hadi leo, na wanayo ya kusema kuliko kibao chochote.

Nyumba pia husomwa. Ukuta mnene wa matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko: chumba cha namna hiyo aghalabu hakivuki mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti haikuweza kubeba zaidi. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 yaweza kuulinda ukuta kama huo. Nani aliolewa humo, nani alifungua chuo cha Kurani ukumbini, hayo sheria haiyashiki.

Na hapa wanaume hukosea mara nyingi. Hukaa barazani kwa kahawa tungu, wakahojiana wao kwa wao, wakaondoka wakiamini wameupata mji mzima. Vyama vya lelemama, yaani vya ngoma, vilikuwa vya wanawake, na nyimbo zao zilitaja ugomvi, harusi na mashindano ya mitaa ambayo hayakuandikwa popote. Lazima aende mwanamke, akae ndani, asikilize.

Lililo gumu kuliko yote ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Pwani wapeleke madai na mashahidi wao, na tangu hapo karatasi ya babu si kumbukumbu tu, ni kiwanja. Familia inapokataa kuonyesha hati zake, haifanyi uchoyo, inaogopa kesi. Ndiyo maana wakusanyaji waangalifu hawachukui karatasi asilia. Huipiga picha mbele ya mwenyewe, humwachia nakala, na humuuliza nani aruhusiwe kuiona. Naona huo ndio utaratibu pekee wa haki.

Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alikuwa na cheo cha kumfungulia milango. Alikusanya miswada ya tenzi, na mwaka 1950 akachapisha kisa cha Al-Akida, mkuu wa askari wa Fort Jesus, aliyemuasi Sultan Barghash wa Zanzibar ndani ya ngome hadi Waingereza wakaipiga mizinga 1875. Sasa barabara ya Mji wa Kale ina jina lake. Wewe huhitaji cheo kuanza. Toa picha za ukutani, mkalishe shangazi karibu na dirisha lenye mwanga, na nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino huvuja upande wa pili ukazila nyuso.