Chupi ya kujishonea: yanayosemwa na yalivyo

"Aliyeweza gauni, chupi haimshindi." Ndilo jibu utakalopewa Ng'ambo nzima, hapa mjini Unguja, ukisema unataka kujishonea nguo za ndani. Dera likizidi sentimita mbili hakuna atakayejua. Chupi ikizidi mbili inateremka njiani, ikipungua mbili inakukata mapajani mpaka jioni. Udogo wake ndio ugumu wake.

"Nyonga 100, basi kata 100 na ya mshono juu yake."

Hesabu hiyo inakaribia ya kitambaa kisichovutika, kama poplini. Kitambaa cha tisheti kinavutika, kwa hiyo chupi hukatwa ndogo kuliko mwili. Ndogo kiasi gani, kitambaa chenyewe kitakwambia. Ukiwa bado dukani pale Mchangani, shika sm 10 za upande wa mapana, zivute juu ya rula bila kulazimisha. Zikifika 13, mvutiko ni asilimia 30. Ziachie. Zisiporudi kwenye 10, mrudishie mwenye duka kitambaa chake, maana hicho kitalegea mwilini.

Kwa mvutiko huo mimi hupunguza kama sehemu moja ya kumi: nyonga ya sm 100 inakuwa 90. Nyuma hupata zaidi, tuseme 47, mbele 43. Karatasi ya kukatia huwa ni nusu, kwa sababu kitambaa kinakunjwa, basi ni 23.5 na 21.5, kisha ongeza ya mshono. Upande unaovutika sana uzunguke mwili. Wanaogeuza kitambaa ili kipande kitoshe ndio wanaolalamika kwamba chupi haipiti nyonga.

"Ikikuingia nyuma ni ndogo, ongeza upana."

Hii ndiyo inayoharibu vitambaa vingi kuliko zote. Mtu anaongeza mbavuni, anashona tena, inaingia vilevile, na sasa imelegea kiunoni juu yake. Mara nyingi upana haukuwa na kosa. Kilichopungua ni kina: urefu wa kutoka ukanda wa mbele, kupita katikati ya miguu, mpaka ukanda wa nyuma. Kaa kwenye mbuzi kama unayekuna nazi. Ukanda wa nyuma ukishuka na kitambaa kikakimbilia katikati, kina cha nyuma ni kifupi.

Wengine huacha kabisa kupima kina kwa kuona haya, na haya hiyo ina haki yake. Fundi wa kiume hana sababu ya kukipima. Funga uzi pale unapotaka ukanda ukae. Chukua uzi mwingine, upitishe kutoka mbele hadi nyuma bila kuubana, kaa kidogo, inuka, kisha utie alama ulipokutana na ule wa kwanza pande zote mbili. Weka alama nyingine chini, katikati ya miguu, upate kujua mbele ni ngapi na nyuma ni ngapi. Ulaze juu ya tepu. Umemaliza, chumbani mwako na mlango umefungwa. Kitambaa kikivutika kwa mapana tu, kina usikipunguze hata kidogo.

Kurekebisha ni kazi ya karatasi. Kipande cha nyuma kikate kwa mlalo kutoka katikati kwenda ubavuni, usifike mwisho. Funua sm 2 pale katikati, bandika karatasi chini yake, halafu nyoosha upya mstari wa katikati. Ubavu unabaki na urefu wake, kwa hiyo bado utalingana na wa mbele.

"Chukua chupi kuukuu, izungushie kalamu."

Chupi iliyolala mezani imekunjamana kwa lastiki, na nguo yenyewe imeshatanuka kwa kuvaliwa. Ifumue, tena upande mmoja tu unatosha, ondoa lastiki, ipige pasi. Hapo utaona umbo lake la kweli, na utashangaa lilivyopinda. Lakini umbo hilo ni la kitambaa kile. Ukibadilisha kitambaa, kipimo cha mvutiko unaanza upya.

"Lastiki ivutwe sawasawa kote."

Kiunoni, sawa. Mguuni, hapana. Lastiki ya mguu huwa fupi kuliko tundu lake, kama sehemu moja ya kumi, na upungufu huo wote uende nyuma chini ya kalio, ndipo panapohitaji kushikwa. Mbele kwenye kinena ilaze bila kuivuta. Ukivuta hapo, ukikaa kwenye daladala kutoka Mwanakwerekwe utajua. Kabla ya lastiki, piga bandi mbavu, yaani zishikize kwa mshono wa muda, na ujaribishe.

"Cherahani ya miguu haishoni chupi."

Inashona. Kweli kwa kawaida haina zigizaga, ule mshono wa kwenda upande huu na huu, na mshono ulionyooka hukatika kitambaa kikivutwa. Tumia hatua fupi, kivute kitambaa kidogo sindano ikipita, na lastiki ipitishe ndani ya upindo badala ya kuishona juu. Sindano iwe ya ncha butu, ile ya vitambaa vya kuvutika. Ya kawaida huruka mishono na kuacha vitundu.

"Kanga iliyochakaa ndiyo bora, ni pamba tupu."

Pamba ni kweli, na kwa joto letu na unyevu wa masika ni neema. Ila kanga haivutiki, kwa hiyo sahau kupunguza. Hapa unaongeza, na unakata mshazari ili ipate ulaini kidogo. Itakaa kama bukta fupi, haitakushika. Mimi naona kazi yake nzuri zaidi ni bitana ya kipande cha katikati, pale hata chupi ya nailoni inapohitaji pamba. Kipande hicho nacho kikate mshazari, na kanga ikiwa bado mpya, kifue kwanza, kimalize kuruka (kupungua) kabla hakijashonwa.