Tenki la boti kuvimba si ushahidi wa uchakachuaji

Wiki hii tena, tajiri mmoja wa Igombe kaniletea tenki la lita 25 lililotuna mbavu, anataka nithibitishe kwamba sheli wamemuuzia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Jamani, ni kinyume kabisa! Mafuta ya taa yangelifanya tenki lile lisivimbe sana hivyo.

Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Mafuta ya taa husubiri mpaka nyuzi 38 hivi au zaidi. Kinachosukuma mbavu za tenki juani ni mvuke huo, pamoja na hewa iliyofungiwa ndani. Na sisi wa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: hewa ya nje hapa inakandamiza kwa kilopaskali 88 hivi, pwani ni 101. Tenki lililofungwa Dar es Salaam likapandishwa kwa lori hufika limetuna hata kabla halijaona jua la Kirumba.

Linaloniudhi zaidi ni hili la "weka nusu, halitavimba". Shinikizo la mvuke hufuata joto na aina ya petroli, halifuati wingi wake. Maadamu kuna petroli ya majimaji chini, iwe lita tano au ishirini, joto likiwa lile lile mvuke husukuma vile vile. Wengine nao hujaza mpaka mdomoni ili mvuke ukose pa kukaa. Petroli yenyewe hutanuka: lita 25 zikipanda nyuzi 20 huongezeka karibu nusu lita, na hiyo itatokea kwenye mfuniko. Acha nafasi.

Ila tenki lililovimba halimsafishi mwenye sheli pia. Mafuta ya taa sehemu moja kwa kumi hayapunguzi mvuke kiasi cha kuonekana kwa macho, na plastiki iliyochomwa na jua miaka mingi huvimba ovyo. Fundi anayebonyeza tenki kwa kidole akahukumu, mimi simwamini. Hata mashine kugoma kuwaka alfajiri hakutoshi, maana petroli iliyokaa wazi ikapoteza sehemu yake nyepesi huleta ugomvi ule ule.

Skrubu ya hewa kwenye mfuniko: fungua mashine ikifanya kazi, la sivyo tenki litanywea na mashine itazimika katikati ya ziwa. Funga ukibeba au ukihifadhi.

Na tafadhali, chomoa mpira wa mafuta upande wa mashine kabla ya kuacha boti juani. Tenki likituna huku limeunganishwa, petroli husukumwa hadi kwenye kabureta, ikaishinda sindano ya boya, ile inayozuia petroli isizidi ndani yake, na kuvujia chini ya kofia ya mashine. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauondoki na upepo kama mnavyodhani. Unatulia sakafuni mwa boti, chini ya mbao, na jioni wavuvi wa dagaa wanapanda na karabai inayowaka.

Likishavimba, literemshe mchangani, mbali na majiko ya mama lishe, ulifunike gunia lililoloweshwa. Likipoa, legeza skrubu polepole mpaka mlio wa hewa ukome, ndipo ufungue mfuniko.