Toki Pona katika sikio la mtu wa Goma

Katika lugha zote za kubuni, Toki Pona ndiyo ninayopenda kuitumia ninapowafundisha wanafunzi wangu wa hapa Goma sauti na sarufi. Ilitungwa na Sonja Lang wa Kanada, ikatolewa mwaka 2001, na maneno yake ya msingi ni kama 120 tu. Ni lugha rahisi kweli. Ila urahisi wake haupunguzi kazi ya kueleweka: kazi iliyoondolewa mahali pamoja huibuka mahali pengine.

Sauti ni 14. Irabu ni tano zilezile zetu. Konsonanti ni 9: p, t, k, s, m, n, l, w, na j inayosomwa kama y ya «yai». Hakuna b, d wala g. Hakuna r, f, v wala sh. Silabi ni konsonanti na irabu (ile ya mwanzo wa neno inaweza kukosa konsonanti), na pengine n ya kuifunga. Irabu mbili hazifuatani. Silabi ti, ji, wu na wo zimekatazwa kabisa. Mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza, kwa hiyo neno la silabi mbili halitusumbui. Tunajikwaa kwenye kulupu, yaani kundi, ambalo ulimi wetu unataka kulitamka kuLUpu badala ya KUlupu.

Wasomaji wanaojua Kifaransa wataona haraka jinsi chujio hili linavyofanya kazi. «De l'eau» limepita likawa telo, maji. «En bas» limekuwa anpa, chini. «Couleur» limekuwa kule, rangi. Sasa pitisha miji yetu. Goma inakuwa Koma. Bukavu inaleta ubishi: v ingegeuka w, lakini wu ni marufuku, kwa hiyo mimi huandika Pukapu. Lubumbashi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Sisi tunakata Lu-bu-mba-shi, mb ikiwa mwanzo wa silabi. Toki Pona haina mb, basi nazali, yaani sauti ya puani, inarudi nyuma na kuifunga silabi iliyotangulia: Lu-pun-pa-si. Wanafunzi wakiitamka polepole wakiwa wameweka kidole mdomoni, wanagundua kwamba katika Kiswahili midomo yao hufunga mara moja tu kwa mb nzima. Wameifanya tangu utotoni bila kuisikia. Jina la pekee, tena, halisimami lenyewe. Hutanguliwa na nomino: ma tomo Koma, mji Goma.

Sarufi haina ngeli, haina wingi wa lazima, na kitenzi hakibadiliki. Mpangilio ni kama wetu: kiima, kitenzi, yambwa. Neno li hutenganisha kiima na kiarifu, e hutangulia yambwa. Jan li moku e kala: mtu anakula samaki, au watu walikula samaki, au mtu atakula. Mtu wetu akisikia li anadhani ni ya «alikula». Sivyo, haina wakati wowote. (Kiima kikiwa mi, mimi, au sina, wewe, peke yake, li huachwa.) Ukitaka wakati, utaje mwanzoni na uufunge kwa la: tenpo pini la nena Nilakonko li pana e ko seli. Zamani, mlima Nyiragongo ulitoa ko ya moto, na ko ni kitu chochote cha kufinyangika, iwe udongo, bugali au lava. Kama ni lava ya 2002 au ya 2021, sentensi haisemi.

Tuje kwenye pi, kipande ninachokipenda kuliko vyote. Katika Toki Pona kila kivumishi huelezea yote yaliyokitangulia. Jan kala ni mvuvi, basi jan kala lili ni mvuvi mdogo. Ukitaka udogo uwe wa samaki, unaweka pi: jan pi kala lili, mtu wa samaki wadogo, tuseme muuza sambaza. Kiswahili sanifu kinafanya kazi hiyo kwa ngeli. «Muuza vikombe mdogo» na «muuza vikombe vidogo» hatuwachanganyi, kwa sababu m- na vi- zinatuonyesha nani ni mdogo.

Lakini pi zikiwa mbili? Jan pi kala lili pi telo suli (telo suli ni maji makubwa, yaani ziwa): ni mtu ndiye wa ziwani, au samaki ndio wa ziwani? Wasemaji wenyewe huiepuka, wanakata sentensi mbili. Sisi tunasema «muuza vikombe wa Bukavu» au «muuza vikombe vya Bukavu», na jambo limekwisha. Kiswahili cha mtaani kwetu, ambacho mara nyingi husema «kitabu yangu» na kueneza ya kila mahali, kinakaribia kulekule iliko Toki Pona. Siiti hali hiyo uharibifu. Ni sarufi iliyopunguza upatanisho, na msemaji wake hulipia kwa mpangilio wa maneno au kwa sentensi ya pili. Sikiliza sokoni mtu akisema «vikombe ya Bukavu», kisha anaongeza upesi: «ile vikombe inatoka Bukavu, hapana muuzaji.»