Flask Haibahatishi: Dhana Potofu Kuhusu Data Inayoingia Kwenye Seva

Nilipounganisha menyu ya USSD na seva ya Flask (zana ya Python ya kujenga huduma za mtandaoni) kwa mara ya kwanza, nilikesha nikitazama neno moja tu: None, yaani "hakuna kitu" kwa lugha ya Python. Napiga kodi kwenye simu, ombi linafika, logi zinaonyesha POST, lakini request.get_json(silent=True), inayosoma data ya JSON (maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani), inarudi mikono mitupu. Nilikuwa nimeshikilia dhana ambayo nakutana nayo hadi leo karibu kila ninapomsaidia mtu anayeanza.

"Ikija kwa POST, ni JSON." Hapana. POST inakuambia namna ombi lilivyotumwa, haikuambii limebeba nini. Kilichobebwa kinatajwa na heda (maelezo yanayoambatana na ombi) ya Content-Type, na Flask husoma kwa kuifuata heda hiyo. USSD ya Africa's Talking, kampuni inayounganisha seva yako na mitandao ya simu, hutuma fomu ya kawaida: sessionId, serviceCode, phoneNumber na text, zikitenganishwa kwa alama ya &. Hizo utazikuta kwenye request.form. Majibu ya malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, huja kama JSON, na hayo unayasoma kwa request.get_json(). Seva ni moja, POST ni ileile, lakini kila mzigo una mlango wake.

Kuna wanaokimbilia get_json(force=True), inayosoma JSON bila kujali heda, wakidhani ndiyo dawa. Inasaidia pale tu mtumaji anapotuma JSON ya kweli akakosea heda. Ukiilazimisha isome fomu, utapata kosa 400 (ombi baya) badala ya 415 (aina ya data isiyokubalika), na utakuwa umepoteza kidokezo cha maana zaidi, kwamba aina ya data siyo uliyoitarajia.

"Nilichoandika ndicho kitakachofika." Hii huwanasa hata wazoefu wanapojaribu kwa curl, zana ya kutuma maombi kwa kuandika amri. Unaandika -d 'phoneNumber=+2547...', unaitafuta namba hiyo kwenye hifadhidata, haipo. Ichapishe ikiwa ndani ya alama za nukuu: ' 2547...'. Pale palipokuwa na jumlisha pana nafasi tupu, kwa sababu katika usimbaji wa fomu alama ya + maana yake ni nafasi. Jumlisha yenyewe huandikwa %2B. Tumia --data-urlencode, curl itakuandikia hivyo. Tafadhali usiweke kiraka cha kugeuza nafasi kuwa jumlisha ndani ya seva. Mtumaji anayesimba vizuri hana tatizo lolote, na kiraka chako kitakuja kuharibu jina la mtu lenye maneno mawili.

"Namba ikiingia ni namba." Kila kinachotoka kwenye request.args (vigezo vya kwenye URL) na request.form ni maandishi, hata kama ni 2. Ndiyo maana kuna request.args.get('ukurasa', 1, type=int), ambayo mtu akiandika "abc" hurudisha 1 kimyakimya. Lakini usijaribu type=bool: Python huhesabu maandishi yoyote yasiyo matupu kuwa kweli, kwa hiyo "false" nayo inageuka True. Nimewahi kuona kisanduku cha ridhaa kikirekodi ndiyo kwa kila mtu kwa sababu ya kosa hilo. Watu walikataa, mfumo ukaandika wamekubali. Hilo si dogo.

Namba ya simu nayo isiguswe na int(). "0712" itakuwa 712, na ile sifuri hairudi tena. Ndani ya JSON, 0712 bila alama za nukuu si JSON halali kabisa. Daraja hutuma PhoneNumber kama namba inayoanza na 254, bila nukuu wala jumlisha. Igeuze iwe maandishi kwanza ndipo uilinganishe na uliyoihifadhi.

"JSON ikisomeka, basi imekamilika." Hapa ndipo pesa za watu zinapoingia, na ndipo ninapowasihi wenzangu watulie. Mteja akighairi malipo kwenye simu, majibu huja na ResultCode 1032, na sehemu ya CallbackMetadata haimo. Msimbo unaokwenda moja kwa moja kuchukua kiasi kilicholipwa utaanguka kwa KeyError (ufunguo haupo), na seva itajibu 500, yaani kosa la seva yenyewe. Kwenye request.form, Flask ingegeuza ufunguo uliokosekana kuwa kosa 400. Kamusi iliyotoka kwenye JSON haina ulinzi huo. Anza na ResultCode. Ikiwa si 0, andika kwamba malipo hayakufanyika, kisha jibu vizuri.

Kuhusu ukaguzi wa kwenye kivinjari sina maneno mengi: unamsaidia mtumiaji mwema, na mwenye curl hauoni kabisa. Vivyo hivyo ukubwa wa ombi: MAX_CONTENT_LENGTH haina kikomo mpaka ukiweke wewe, na ukishakiweka, kinachozidi hukataliwa kwa 413.

Imebaki moja, iliyonipotezea usiku ule. Nilidhani request.data huwa na kila kilichotumwa. Ombi likiwa la fomu, huwa tupu, kwa sababu Flask imeshaupeleka mzigo kwenye request.form. Ukitaka kuuona ulivyofika, andika hizi mwanzoni kabisa mwa fanksheni, kabla hujagusa form:

print(request.content_type)
print(request.get_data(as_text=True))

Nilipoziandika, kulikuwa kunapambazuka. Mstari wa kwanza ulisema application/x-www-form-urlencoded. Wa pili ulikuwa na phoneNumber=%2B2547 na mengine yote niliyokuwa nikiyatafuta.