Kiraka kisiwe kigumu kuliko ukuta

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu aliniuliza swali tukiwa juu ya jukwaa la kukarabati nyumba ya zamani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mikono imejaa chokaa: "Mwalimu, hii mikutano ya kimataifa ya majengo ya kale mnayokwenda inamsaidia nini mwashi anayepiga lipu hapa Mkunazini?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mchanganyiko ulikuwa unakauka. Jibu lile halikunitosha mwenyewe, kwa hiyo naliandika upya hapa.

Nitaanzia mbali, Athens, Oktoba 1931. Huko ndiko ulikofanyika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wasanifu na mafundi wa majengo ya kale, ulioitishwa na Ofisi ya Kimataifa ya Makumbusho chini ya Shirikisho la Mataifa. Yaliyokubaliwa yakaitwa Mkataba wa Athens. Ndani yake kuna mambo mazuri tunayoyatumia hadi leo: jengo litunzwe mara kwa mara lisifike pa kubomoka, na kazi ya vizazi vyote iheshimiwe. Lakini wataalamu wale waliruhusu pia vifaa vya kisasa, wakataja hasa zege lenye nondo, na wakashauri kwamba uimarishaji huo ufichwe kila inapowezekana ili sura ya jengo isiharibike.

Walipokuwa mjini humo walipanda kilima cha Akropolis. Mhandisi Nikolaos Balanos alikuwa akifanya kazi pale tangu 1898, na alikuwa ametoka kusimamisha upya nguzo za upande wa kaskazini wa Parthenon, hekalu la kale lililoko juu ya kilima hicho. Aliyaunga mawe kwa vibano vya chuma. Wagiriki wa kale nao walitumia chuma, lakini kila kibano walikimiminia risasi, yale madini laini, pande zote, kikakaa ndani yake kama kokwa ndani ya tende. Maji hayakukifikia. Vibano vya Balanos havikuwa na kinga hiyo. Vikaota kutu, na chuma kikiota kutu hufura. Marumaru haina pa kusogea, ikapasuka. Mawe yaliyostahimili zaidi ya miaka 2,300 yakapasuliwa na dawa waliyopewa.

Mwaka 1975 Ugiriki iliunda kamati ya kuyanusuru majengo ya kilima kile. Kazi ikaanza ya kuyateremsha mawe moja moja, kutoa chuma kilichooza na kuweka titani, madini ambayo hayaoti kutu. Ila jambo lililonigusa kuliko yote katika kazi ile ni hesabu iliyofanywa kabla ya kuweka titani. Wahandisi wanapima unene wa fimbo ili tetemeko likija, fimbo ianze kuvunjika kabla ya marumaru. Kiungo kipya kinatolewa mhanga, jiwe la kale linabaki.

Nilipolielewa hilo mara ya kwanza, nilimkumbuka mzee aliyenifundisha uashi. Yeye hakwenda Athens. Aliniambia, "Mwanangu, kiraka kisiwe kigumu kuliko ukuta. Kikiwa kigumu, kitakachochanika ni ukuta."

Sasa turudi kwenye kuta zetu. Nyumba ya Mji Mkongwe, kama ilivyo ya Lamu, imejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Juu hulazwa boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba: upana wake umeamuliwa na urefu wa mti. Ukuta wa namna hii haukukusudiwa kuzuia maji kabisa. Unayapokea, kutoka ardhini, kutoka kwa mvua, kutoka kwa upepo wa bahari wenye chumvi, kisha unayatoa kupitia usoni pake jua linapowaka. Chokaa ni tumbawe lililochomwa tanuuni. Likishamwagiwa maji, likalowekwa na kupigwa ukutani, huvuta kutoka hewani ile gesi ya kaboni iliyotolewa na moto, na polepole hurudi kuwa jiwe la jamii ileile lililotoka kwalo. Ndiyo maana chokaa na tumbawe vinapatana.

Saruji haina undugu huo. Ni ngumu kuliko tumbawe, haipitishi unyevu kwa wepesi, na ndani yake imebeba chumvi zake. Ukiipiga juu ya ukuta wa zamani, maji yaliyozoea kutokea usoni hukuta mlango umefungwa. Yanapanda. Chumvi inagandia nyuma ya lipu na kulisaga tumbawe kidogo kidogo hadi liwe unga. Maji yakifika zilipochomekwa boriti, miti nayo huanza kuoza, mahali ambapo hakuna anayeona.

Kuna nyumba moja niliyoitwa kuikagua. Sebuleni palikuwa na lipu ya saruji nzuri, imenyooka, imepakwa rangi ya maziwa. Niligonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe tupu. Tukabandua kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake haukuwepo ukuta wa kuuita ukuta. Mchanga mwekundu ulimwagika hadi kwenye miguu yetu, umechanganyika na chumvi nyeupe inayong'aa, na harufu ya pango ikatoka. Nilipanda ngazi nikauchoma msumari kwenye kichwa cha boriti. Uliingia wote, bila nyundo. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na juu wanalala wajukuu zangu?" Siku hiyohiyo tulihamisha vitanda na kuweka nguzo za kuegemeza dari. Mkandarasi aliyepiga saruji ile alikuwa amelipwa kwa kazi ya "kuimarisha".

Hapo ndipo mikutano inapohusika na Mkunazini. Mkutano wa pili wa wasanifu na mafundi ulifanyika Venice, Mei 1964, ukatoa mkataba wenye vifungu 16, na mwaka uliofuata likaundwa ICOMOS, baraza la kimataifa la majengo na maeneo ya kihistoria. Kifungu cha 10 kinasema mbinu za kisasa zitumike pale tu za asili zinaposhindwa, na ufanisi wake uwe umethibitishwa kwa sayansi na kwa uzoefu. Linganisha na Athens: kutoka "tumieni zege kwa busara" hadi "thibitisheni kwanza". Kisha mwaka 1981 ICCROM, kituo cha kimataifa cha kuhifadhi na kukarabati urithi, iliitisha Roma mkutano juu ya jambo hilihili linalotuhangaisha, michanganyiko ya kujengea na saruji katika majengo ya kale. Sifa za mchanganyiko mwema wa ukarabati zikajadiliwa kwa vipimo vya maabara: usiwe mgumu kuliko ukuta, upitishe unyevu, usilete chumvi. Mzee wangu angeyasikia angetikisa kichwa kukubali.

Tofauti ni kwamba neno la mzee halikubaliki kwenye zabuni, na kipimo cha maabara kinakubalika. Nimewahi kukaa na mhandisi wa mradi aliyekataa chokaa kwa sababu "haina nguvu". Nilipomwekea mezani Kifungu cha 10 pamoja na matokeo ya upimaji wa unyevu, alinyamaza, akasoma, akabadilisha maelezo ya kazi. Ukuta ule uko salama. Mimi nakwenda mikutanoni kwa ajili ya mazungumzo kama yale.

Lakini nina dai kwa wenzangu. Tunapanda majukwaani na picha mbili, kabla na baada, na ile ya "baada" ilipigwa wakati rangi ya ukuta ingali mbichi. Balanos naye picha zake za 1930 zilikuwa nzuri. Ningependa kila anayewasilisha ukarabati arudi na picha ya mwaka wa 10 na wa 20, pamoja na kilichoharibika. Chokaa nayo isemwe ukweli wake: tanuu linakula magogo, lipu inahitaji kunyunyiziwa maji siku nyingi, na mwenye nyumba maskini hawezi kusubiri wala kulipia yote hayo. Anayenunua mfuko wa saruji dukani si adui wa urithi. Anaziba tundu kwa alichonacho.

Mwanafunzi wangu sasa anaandika mada yake ya kwanza. Alitaka kuandika kuhusu ule ukuta wetu uliofanikiwa. Nimemwomba achukue wa pili, wa uani, ambao lipu yake ya chokaa ilidondoka kabla masika hayajaisha kwa sababu tuliharakisha tabaka la pili. Jana alikuwa pale na rula na daftari, anapima kila kipande kilichoanguka na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino nyuma yake.