Kupima ramani ya mvua kwa uamuzi wa msomaji

Ninapopima ramani na grafu zinazotumwa kwa maafisa ugani hapa Mbeya, sianzi kwa kuuliza kama mchoro umeeleweka. Mtu anaweza kuupenda mchoro unaompoteza, na ukarimu wetu kwa mgeni mwenye dodoso unajulikana.

Badala yake humpa mhusika uamuzi ambao jibu lake linaweza kukokotolewa. Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili, kwa mfano, hugawa mvua katika makundi matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Namweleza bei ya mbegu za mahindi za muda mrefu na za muda mfupi, pamoja na mavuno yanayotarajiwa katika kila hali, kisha namwomba achague. Kundi moja la maafisa hupewa ramani ya rangi, jingine jedwali la asilimia, na la tatu halipewi utabiri wowote ila mvua ya kawaida ya eneo. Hilo la tatu husahaulika mno, ilhali bila hilo hatuwezi kujua kama ramani imeongeza chochote, kwa sababu pengine mbegu ileile ingechaguliwa hata bila utabiri.

Makosa hunifundisha zaidi kuliko alama. Rangi ya kijani, yaani mvua juu ya wastani, huonyesha kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi tu. Ikiwa uwezekano wa mvua juu ya wastani ni asilimia 45, basi 55 zilizobaki zimefichwa. Kwa hiyo mimi hubadilisha asilimia hizo huku rangi ikibaki ileile, na pale hesabu inapodai mbegu nyingine lakini wenye ramani hawabadiliki, kasoro ni ya ramani. Kosa la pili ni la kwetu hasa. Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na bonde la Usangu, wilayani Mbarali, halifikii hata nusu yake, hivyo kijani cha Mbarali bado kinaweza kumaanisha mvua chache kuliko mwaka mbaya wa Rungwe. Anayelinganisha rangi za wilaya hizo mbili hupotea kabisa.

Wanatakwimu Cleveland na McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba jicho hukadiria vizuri zaidi nafasi kwenye kipimo kimoja kuliko pembe au ukubwa wa eneo la umbo. Nakubali, ila wao walipima usomaji, na msomaji wa 45 bila kukosea bado anaweza kununua mbegu isiyofaa. Kwa ramani za namna hii napendekeza kila wilaya iwekewe mistari mitatu, mmoja kwa kila kundi la mvua, inayoanzia usawa mmoja, na kando yake wastani wake kwa milimita, kisha jaribio lirudiwe kwa watu wengine.