Hitisinki ya chipseti ikiwa baridi, usishangilie

Wiki haipiti bila mtu kuniletea kompyuta inayoganda, feni ya milimita 40 imefungwa juu ya hitisinki (kipande cha alumini cha kupozea) ya chipseti, ile chipu ya madabodi inayounganisha sehemu za kompyuta, naye anaapa: "Joto haliwezi kuwa tatizo, fundi. Gusa mwenyewe, baridi kabisa!" Nagusa. Kweli ni baridi, na hapo ndipo ninapoanza kuingiwa na wasiwasi.

Feni haipozi chipseti, jamani. Inapoza alumini. Joto sharti litoke kwenye chipu, lipite kwenye pesti (ute unaopitisha joto kati ya chipu na hitisinki), liingie kwenye hitisinki, ndipo upepo upate cha kuondoa. Pesti ikikauka, au pini moja yenye springi ikichomoka na hitisinki ikainuka upande mmoja, chipu inaungua huko chini huku mapezi, zile bapa nyembamba za hitisinki, yanapigwa upepo bure. Kwa hiyo kabla ya kununua feni, ng'oa hitisinki. Izungushe polepole hadi pesti iachie. Ukiibanjua kwa bisibisi, chipu isiyo na kifuniko itamegeka pembe. Futa ukoko wa zamani kwa spiriti, paka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha, ijaribu. Mara nyingi feni yenyewe huwa haihitajiki tena.

Wengine huja na hofu ya kinyume: hitisinki imewaunguza kidole, basi chipseti inakufa. Kidole hakivumilii hata nyuzi 60. Chipseti hufanya kazi kwenye joto hilo siku nzima. Soma kipimo, acha kupapasa.

Je, feni ivute joto juu? Hapana, igeuze ipulize chini, kwenye mapezi. Kwa feni nyingi hewa hutokea upande wenye kibandiko na mikono ya fremu.

Na kubandika feni kwa gundi ya supa, tafadhali, hapana. Skrubu nyembamba nne zinazojikaza katikati ya mapezi zinatosha, na siku ya kubadilisha feni utazifungua.

Siku hiyo itafika mapema, maana feni hizi ndogo huchoka haraka, na iliyokufa hubaki kama mfuniko juu ya mapezi. Ichomeke kwenye soketi ya pini tatu ya madabodi: waya wa tatu hupeleka habari za mzunguko, nayo kompyuta inaweza kukuonya feni ikisimama, ukiwasha onyo hilo kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya madabodi.